Toroli la Mashine ya Kuchomelea: Mwongozo kwa Mafundi wa Apple Valley na Miji Jirani

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi anayezungumza Kiswahili, anayeishi Apple Valley, Minnesota, au miji inayopakana nayo, yaani Burnsville, Eagan, Rosemount na Lakeville, na anayetaka kujitengenezea toroli la mashine ya kuchomelea katika gereji ya nyumbani. Unamfaa aliyesomea ufundi VETA au aliyeshika kazi Gerezani ya Dar es Salaam au Kamukunji ya Nairobi, na unamfaa pia anayewasha mashine kwa mara ya kwanza. Huyu wa pili asome polepole, na kama ana nafasi ajiandikishe kwanza katika darasa la kuchomelea. Chuo cha ufundi cha Dakota County kiko Rosemount, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na huwafundisha watu wazima wenye kazi zao.

Toroli ni kazi nzuri ya kujifunzia. Chuma chake ni cha milimita 3, unene ambao hata mashine ndogo huumudu. Viungo vyake viko wazi, unaweza kuvikata na kuvirudia. Kiungo kibaya kwenye rafu ya zana hakimdhuru mtu. Kiungo kibaya kwenye sehemu inayobeba mtungi wa gesi ni habari nyingine kabisa, na kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na mashine.

Anza na mtungi

Fundi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida amelelewa na elektrodi. Mashine yake ni transfoma, mara nyingi iliyosukwa hapo hapo mtaani, imefungwa ndani ya kasha la bati na huburutwa sakafuni kutoka kazi moja hadi nyingine. Hakuna gesi, na toroli si lazima. Huku Minnesota watu wengi wenye gereji hununua mashine ya waya inayotumia gesi ya kukinga, na gesi hiyo, ambayo kwa chuma cha kawaida ni asilimia 75 agoni na asilimia 25 kaboni dayoksaidi, huja katika mtungi wa chuma. Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la pauni 2,000 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, kama mara 60 ya tairi la gari dogo. Ukianguka na vali ikakatika shingoni, gesi hutoka kwa nguvu ya kuutupa mtungi wenyewe ng'ambo ya gereji.

Matoroli mengi, yakiwemo ya dukani, yamebuniwa kwa ajili ya mashine: rafu ya juu imeinamishwa ili uone vitufe, halafu nyuma kukabandikwa kisahani chembamba na mnyororo mmoja kwa ajili ya mtungi. Huo ni ubunifu wa kinyumenyume. Mashine ikianguka utalia na pesa zako. Mtungi ndio unaopaswa kuamua upana wa toroli, urefu wake, mahali pa ekseli na aina ya magurudumu, na mashine ipewe nafasi itakayobaki.

Pima mtungi ulio nao, au ule unaokusudia kuwa nao. Mtungi wa futi za ujazo 80, unaowatosha mafundi wengi wa nyumbani, una kipenyo cha inchi 7, yaani karibu sentimita 18, na ukijaa huwa na uzito wa kama kilo 25. Ule wa futi za ujazo 125 una kipenyo hicho hicho ila ni mrefu zaidi na unakaribia kilo 32. Ukitengeneza kijukwaa cha inchi 8 kwa 8 chenye ukingo pande zote, kitapokea wowote kati ya hiyo miwili. Mitungi mikubwa ya inchi 9 iache nje ya hesabu. Toroli la nyumbani si mahali pake.

Kabla ya kununua mtungi uliotumika, soma maandishi yaliyogongwa mabegani pake. Tarehe ya jaribio la shinikizo lazima iwepo. Kwa kawaida jaribio hurudiwa kila baada ya miaka 5, na alama ya nyota baada ya tarehe huruhusu miaka 10. Kama pete ya shingoni ina jina la kampuni ya gesi, mtungi huo huenda ni mali ya kampuni hiyo hata kama anayekuuzia anaapa vingine, na utakapoupeleka kujazwa unaweza kukataliwa. Muulize muuza gesi kwanza, kisha ndipo utoe pesa.

Hesabu ya kutopinduka

Hapa inafaa kushika kalamu. Tuseme mtungi ni kilo 25, mashine kilo 35, fremu kilo 25, na zana za rafu ya chini kilo 15. Jumla ni kilo 100. Sasa andika kimo cha kitovu cha uzito cha kila kimoja kutoka sakafuni: mtungi sentimita 50, mashine 65 ikiwa rafu yake iko kwenye sentimita 45, fremu 35, zana 20. Zidisha kila uzito kwa kimo chake, jumlisha, gawanya kwa 100. Utapata sentimita 47. Hicho ndicho kimo cha kitovu cha uzito cha toroli zima.

Ikiwa magurudumu yameachana kwa sentimita 50, nusu yake ni 25, na toroli hilo litavumilia kuinamishwa upande hadi karibu nyuzi 28 kabla ya kupinduka. Sasa chukua toroli la mtindo wa dukani, lenye upana wa sentimita 36 na mashine iliyopandishwa hadi rafu ya sentimita 75. Kitovu cha uzito kinapanda hadi karibu sentimita 58, na nyuzi zinashuka hadi 17. Kwenye karatasi 17 bado inaonekana salama, kwa kuwa hakuna mtu anayejenga njia ya gari yenye mteremko huo. Lakini toroli halipinduki likiwa limesimama. Hupinduka pale gurudumu dogo la mbele linaponasa kwenye mfereji wa zege, au kwenye kipande cha barafu kilichoanguka kutoka chini ya gari, huku wewe bado unasukuma. Kwa hiyo shusha mashine, panua magurudumu. Sentimita 60 za jumla, magurudumu yakiwa nje ya fremu, bado zinapita kwenye mlango wowote wa kawaida wa gereji.

Mahali pa ekseli pana kosa moja linalorudiwa sana. Watu huweka ekseli mbele ya mtungi, chini ya mashine, kwa sababu ni rahisi kupitisha nondo moja kutoka upande hadi upande. Siku utakayoishusha mashine ili kuitengeneza, mtungi ulioning'inia nyuma ya ekseli utaliinua toroli mbele na kulilaza chali. Ekseli iwe usawa wa katikati ya mtungi, au nyuma yake kidogo. Kwa kuwa kijukwaa kiko hapo hapo na kinapaswa kuwa chini, tumia ekseli fupi mbili, moja kila upande, za chuma laini cha mviringo chenye kipenyo cha inchi 5/8, zikichomelewa kwenye bamba nene pande zote mbili za bamba.

Vipimo na vifaa

Fremu ya chini iwe na urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 50. Itengeneze kwa anglaini ya inchi 1½ yenye unene wa inchi 1/8. Anglaini hiyo hukaa karibu kilo 1.8 kwa mita, na pao moja la futi 20, yaani mita 6, linatosha fremu ya chini, fremu ya rafu ya mashine na kijukwaa cha mtungi. Nguzo nne na mpini zitoke kwenye bomba la mraba la inchi 1 lenye ukuta wa inchi 1/8, mita 4 hivi. Sakafu za rafu ni bati la geji 14, ambalo hapa ni karibu milimita 1.9.

Angalia neno geji lisikuchanganye. Kwenye bati la Marekani geji 11 ni milimita 3 na geji 16 ni milimita 1.5: namba ikikua, bati linakuwa jembamba. Kwa elektrodi hutasikia geji kabisa. Ile tunayoiita geji 10 nyumbani, hapa huombwa kama 1/8, na geji 12 iko karibu sana na 3/32.

Vyuma vya bure vipo vingi, hasa majira ya kuchipua watu wanapotoa takataka kubwa barabarani. Magurudumu ya mashine ya kukatia nyasi ni mali. Mashine za mazoezi zilizotupwa zina mabomba mazuri mazito. Ila achana na anglaini za vitanda: nyingi hutengenezwa kwa chuma kigumu chenye kaboni nyingi, huua ncha za kekee, na kiungo chake kikipoa huweza kupasuka pembeni mwa mshono. Achana pia na nguzo za uzio na mabomba ya nyaya yaliyopakwa zinki. Moshi wa zinki huleta homa, baridi na maumivu ya mwili usiku wa siku hiyo hiyo. Mtu husema amepata mafua kumbe ni chuma.

Magurudumu ya nyuma yawe ya inchi 8 au 10, ya mpira mgumu usio na upepo. Tairi la upepo linafaa Mombasa. Hapa hewa yake husinyaa baridi inapoingia, na Januari, wastani wake ukiwa kama nyuzi 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi, utalikuta limelala. Ya mbele yawe ya inchi 4, yanayogeuka, yenye breki, yaliyofungwa kwa bolti nne kila moja. Usiyachomelee. Yataharibika kabla ya toroli na utataka kuyabadilisha.

Kwa ununuzi, duka la vyuma hukukatia pao kwa malipo kidogo, jambo linalofaa kwa mwenye gari dogo. Zana na magurudumu utayapata Burnsville kwa Northern Tool, kampuni ambayo makao yake makuu yako huko huko, au katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kukata, kushikiza, kuchomelea

Kata vipande vyote kabla ya kuchomelea chochote. Vipande vinavyopaswa kulingana vipange pamoja kwenye jiriwa uvisawazishe kwa tupa au grinda hadi vidole visisikie tofauti. Ondoa lile gamba jeusi la kiwandani mahali pa mshono hadi chuma king'ae. Mafuta yafute kwa asetoni na uiache ikauke kabisa. Kamwe usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini: mwanga wa arki huweza kugeuza mvuke wake kuwa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika vitani, na kiasi kidogo tu huharibu mapafu.

Panga fremu ya chini juu ya sakafu iliyosawazika, weka guni kila pembe, shikiza kwa nukta moja moja tu. Halafu pima mshazari mmoja na mwingine. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, gonga pembe ya mshazari mrefu kwa nyundo na upime tena. Ikishalingana, shikiza nukta za pili. Usiendeshe mshono mzima wa pembe moja kisha ukahamia jirani yake, kwa sababu mshono ukipoa husinyaa na kuvuta chuma upande wake. Ruka: pembe hii, kisha ile ya mkabala.

Kijukwaa cha mtungi kishuke sentimita 5 chini ya fremu, kikae kama sentimita 8 kutoka sakafuni. Kila mshono wake uchomelewe pande mbili. Nguzo mbili za nyuma ziwe na vibamba vya kushikia minyororo miwili, mmoja kwenye theluthi ya chini ya mtungi na mwingine kwenye theluthi ya juu, chini ya shingo. Kati ya nguzo hizo chomelea kipande cha bomba kilichokatwa nusu, au anglaini iliyogeuzwa kama kiti, ili mtungi uegemee pande mbili na usizunguke. Mnyororo uwe wa chuma, usiwe mkanda wa nailoni. Cheche moja inatosha kuukata mkanda.

Rafu ya mashine isizibwe pembeni. Mashine nyingi za waya zina mlango wa ubavuni wa kuwekea roli ya waya, na ukiinua ukingo wa rafu kwa sentimita 5 tu mlango huo hautafunguka. Nyuma acha nafasi ya kiganja kimoja hadi viwili kwa ajili ya feni. Kulabu za nyaya na za kishikio cha elektrodi zivikwe mbao au plastiki, na zikae mbali na mtungi. Waya wa kuchomelea haufungwi kwenye mtungi, na arki haiguswi kwenye mtungi hata kwa mzaha.

Jambo hilo linaendelea hata toroli likishamalizika. Miezi baadaye utataka kuongeza kulabu moja ndogo. Shusha mtungi, shusha mashine, sogeza vyote pembeni, ndipo uchomelee. Kubana kibano cha ardhi kwenye toroli lililobeba mtungi ni kuupitisha umeme mahali usipopajua.

Umeme, baridi na moshi

Mashine ya volti 120 kwenye soketi ya kawaida inatosha kazi hii. Anayetaka ya volti 240 atahitaji soketi maalumu, mara nyingi aina ya 6-50. Mwenye nyumba anayeishi ndani yake anaruhusiwa Minnesota kujifanyia kazi ya umeme, ila kwa kibali na ukaguzi. Mpangaji hana ruhusa hiyo. Amwombe mwenye nyumba kwa maandishi, amuulize pia kama kuchomelea kunaruhusiwa, kwani mikataba na bima nyingine hukataza. Mashine iliyoletwa kutoka nyumbani isomwe kibandiko chake kwanza: kule ni hezi 50, huku ni 60.

Kuhusu baridi, kanuni D1.1 ya chama cha wachomeleaji cha Marekani, AWS, iko wazi. Hewa ikiwa chini ya sifuri ya Farenhaiti, yaani nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, kazi isimame. Chuma kikiwa chini ya kiwango cha kuganda, kipashwe moto hadi angalau nyuzi 21 za Selsiasi kabla ya kuchomelewa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa majengo, lakini toroli linalobeba mtungi linastahili heshima hiyo hiyo. Ukiingiza chuma baridi kwenye gereji iliyopashwa moto kitatoa jasho. Kikaushe, kipashe, ndipo uanze.

Tatizo gumu zaidi la majira ya baridi ni mlango. Ukiufunga, moshi unabaki nawe. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Gesi ya kukinga nayo husukuma oksijeni nje ya chumba kidogo. Ukiufungua mlango, upepo unaipeperusha gesi na mshono unatoka na matundu. Kwa maoni yangu, kuanzia Desemba hadi Machi ni bora kuweka waya wenye dawa ndani yake, usiohitaji gesi, kubadilisha ncha chanya na hasi kama kitabu cha mashine kinavyosema, kufungua mlango nusu na kuvaa barakoa ya moshi chini ya kofia. Mtungi utakaa umefungwa kwa mnyororo ukisubiri Aprili. Hata asiye na mtungi kabisa leo, kijukwaa akitengeneze sasa. Kukiongeza baadaye ni kazi ya kubomoa rangi na kuanza upya.

Cheche husafiri. Kanuni za usalama kazini za OSHA hutaka vitu vinavyoshika moto viondolewe umbali wa futi 35, karibu mita 10.7, au vifunikwe, na mtu abaki akilinda kwa angalau nusu saa baada ya kazi. Gereji ya nyumba haina mita 10. Kwa hiyo toa gari nje, toa dumu la petroli, funika maboksi kwa blanketi la kuzuia moto, na ujue kama hita ya maji iliyo pembeni ina mwali wa gesi. Linda saa nzima. Kizimamoto usikitundike kwenye toroli kama wengi wanavyopenda. Moto ukizuka, toroli ndilo litakalokuwa katikati yake. Kitundike mlangoni unakokimbilia.

Mwenye mitungi ya oksijeni na asetilini asitumie mchoro huu. Hiyo inahitaji toroli lake, na mitungi hiyo inapohifadhiwa hutenganishwa kwa futi 20 au kwa ukuta usioungua.

Kulijaribu na kulipaka rangi

Usilijaribu toroli kwa mtungi wenyewe. Nunua mifuko miwili ya zege kavu, wa pauni 60 na wa pauni 80. Wa 80, kama kilo 36, uweke kwenye rafu ya mashine. Wa 60, kama kilo 27, usimamishe kwenye kijukwaa na uufunge kwa minyororo yote miwili. Sukuma toroli kwenye njia ya gari, kupanda, kushuka, kisha kukata mteremko kwa ubavu, na upite juu ya kizingiti cha gereji bila kupunguza mwendo. Kisha shusha mfuko wa rafuni, uache wa nyuma peke yake, usukume tena. Magurudumu ya mbele yasinyanyuke. Geuza toroli chali na ukague kila mshono wa kijukwaa na wa ekseli kwa tochi. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, saga mshono wote uurudie. Usiupake mshono mpya juu ya ufa.

Rangi nyingi hazikauki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo toroli lililochomelewa Februari lipakwe mafuta mepesi na lingoje Mei. Ikifika Mei, futa mafuta yote, piga praima, kisha tabaka mbili za rangi, na uongeze ya tatu kuanzia sakafuni hadi kimo cha ekseli. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi huingia gerejini na magari, huyeyuka, na hutuama hapo chini. Kila unapobadilisha mtungi, kaza bolti za magurudumu ya mbele na uangalie minyororo inapogusana na vibamba vyake, kwa kuwa kutu huanzia hapo.